Mbona Huku Hawaitikii Salamu?

Safu ya maswali na majibu

Miongoni mwa barua zilizotufikia Dar es Salaam mwezi huu, tatu zinahusu jambo moja: majuma ya kwanza katika nchi ya watu. Ya kwanza imenigusa kuliko nyingine, na nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Swali

Shikamoo Mama. Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Tandika, na nimekuja Helsinki, Ufini, kwa masomo ya shahada ya uzamili. Kibali changu cha ukaazi kilichelewa, kwa hiyo wenzangu walianza masomo Septemba, nami nikafika Jumamosi ya mwisho wa Oktoba. Kesho yake saa zote za nchi zilikuwa zimerudishwa nyuma kwa saa moja bila mimi kujua, nikasimama peke yangu mbele ya mlango wa kanisa uliofungwa, nikitazama saa yangu ya mkononi. Sasa ni Desemba. Ninatoka chumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, lakini giza ninaweza kulivumilia. Kinachoniumiza ni watu. Asubuhi ya kwanza nilimsalimu jirani yangu kwenye ngazi, mzee wa rika la babu yangu, akainamisha kichwa na kupita. Siku nyingine nilimsikia akifungua mlango wake, na nilipotokeza kwenye korido akaurudishia taratibu mpaka nilipokwisha kupita. Ndani ya basi hakuna anayeketi karibu nami mpaka viti vingine vyote vijae. Nimekwisha kuamini kwamba wananichukia kwa sababu ya rangi yangu, na ninafikiria kurudi nyumbani Januari. Je, ninakosea?

Msomaji, Helsinki

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, kwa sababu mimi pia nilifika katika mji huohuo, kwa masomo, mwezi wa Novemba mwaka 1996, na niliishi huko kwa majira mawili ya baridi. Naomba nianzie palepale unaposema kwamba unaweza kuvumilia, yaani kwenye giza, kwa kuwa nina hakika linakula nguvu zako zaidi ya unavyodhani.

Sisi huhesabu saa kwa kulifuata jua. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa sita jua liko utosini, saa kumi na mbili jioni linazama, na hesabu hiyo haitudanganyi kwa sababu Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini. Kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama, mwezi wa Desemba upande huo wa dunia unakuwa umelipa jua kisogo: tarehe 21 jua huchomoza huko kiasi cha saa tatu na dakika 24 asubuhi, na ifikapo saa tisa na robo alasiri limekwisha kuzama. Mchana mzima hautimizi saa sita. Utsjoki, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, jua halichomozi kwa siku zipatazo 50, na wenyeji wana jina la msimu huo, wanauita *kaamos*. Mwili wako umeamshwa na jua la saa kumi na mbili kwa miaka 26. Leo unauamsha katikati ya usiku wake, unaupeleka darasani, kisha unaulaumu kwa kuchoka. Mtu aliye katika hali hiyo huona kila uso umenuna. Sisemi kwamba unayoyaona hayapo, ila nakuomba ukubali kwamba unayaona kupitia giza hilo.

Kwa hiyo, kabla ya lolote jingine, fanya mambo ambayo wenyeji wenyewe huyafanya. Toka nje kila siku saa sita mchana, hata kama kuna mawingu, utembee kwa nusu saa. Waulize wauguzi wa huduma ya afya ya wanafunzi kuhusu vidonge vya vitamini D, ambavyo huko watu wengi humeza majira ya baridi, na ambavyo sisi wenye ngozi nyeusi tunavihitaji zaidi kwa kuwa ngozi yetu hutengeneza vitamini hiyo polepole pale jua linapokuwa hafifu. Kama unaweza, nunua ile taa ya mwanga mkali inayowekwa mezani asubuhi wakati wa kunywa chai. Usisahau kuning'iniza kwenye koti kile kibandiko kinachong'aa kikipigwa na taa za magari. Sheria ya barabarani ya huko inamtaka mtembea kwa miguu awe nacho gizani. Na ukiona majuma mawili yanapita usingizi umeharibika, chakula hakipandi na huna hamu ya lolote, nenda ukaonane na daktari. Siku utakayoona huna hamu hata ya kuishi, usingoje kesho: piga simu namba 112.

Sasa tuje kwa watu. Kwetu salamu ndiyo mlango wa kila jambo. Mtu wa Tandika hanunui hata fungu la nyanya kabla ya kuulizana habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto, na kijana anayempita mzee bila kumwamkia huhesabiwa kuwa hakufunzwa kwao. Basi mzee yule alipoinamisha kichwa, ulikitafsiri kitendo chake kwa kamusi ya Tandika, ambamo maana yake ni moja tu, dharau. Kwa kamusi ya kwao maana ni nyingine. Ufini, kumwacha mtu usiyemfahamu na utulivu wake ni sehemu ya adabu, na kumsemesha bila sababu ni kama kuingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Mzee aliyerudishia mlango alikupisha. Hata mimi nilifanyiwa hivyo na mama mmoja wa mlango wa pili, na kwa miezi mitatu nilibeba uchungu, mpaka siku moja nilipomwona akimfanyia vivyo hivyo mwenyeji mwenzake, mtu aliyekaa naye katika jengo lile kwa miaka mingi.

Mama huyohuyo ndiye aliyenifungulia usiku mmoja wa Februari. Milango ya huko hujifunga yenyewe ukiivuta, nami nilikuwa nimeacha funguo ndani, nimesimama kwenye korido na kandambili miguuni. Hakuniuliza maswali. Alinionyesha mahali pa kuacha kandambili, kwa kuwa Wafini, kama sisi, hawaingii na viatu ndani ya nyumba. Akampigia simu mlinzi wa jengo, kisha akateleka kahawa. Watu hao ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, na nyingine ni ya kwetu, ya Kagera na Kilimanjaro. Pamoja na kahawa aliweka mezani mkate wao mtamu waitwao *pulla*. Nilipoumega, nikasikia harufu ya iliki. Mwanangu, wale watu hutia iliki katika mkate wao kama mama zetu wanavyoitia katika maandazi, na miezi minne niliyokaa nikidhani sina ninachoshirikiana nao, harufu ile ilikuwa ikitoka jikoni kwa jirani yangu. Nililia mbele yake. Naye hakusema neno, akaniongezea kahawa.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba chuki haipo. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na mtu mweusi Helsinki huonekana kutoka mbali. Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2018 ripoti kuhusu maisha ya watu wenye asili ya Afrika katika nchi 12 za umoja huo, na Ufini ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko zote cha bughudha za kibaguzi: asilimia 63 ya waliohojiwa walisema yaliwapata ndani ya miaka mitano. Hilo ni jambo zito, na asikwambie mtu kwamba unajitungia. Ndiyo maana nataka ujue kutofautisha. Ukimya wa Wafini ni wa wote, wakati ubaguzi humchagua mtu. Katika basi, tazama kama na wao kwa wao wanaketi mbalimbali mpaka viti viishe. Utakuta ndivyo, na hapo huna cha kulalamikia. Lakini mtu akikutamkia tusi kituoni, au mwenye nyumba akikuambia chumba kimekwisha kupangishwa kisha akampa mwenzako kesho yake, huo si ukimya. Andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, uwaeleze washauri wa wanafunzi chuoni. Nchi hiyo pia ina ofisi ya umma inayopokea malalamiko ya ubaguzi, na tusi la kutishia ni la polisi. Nakuonya tu usiyaweke makosa ya wachache hao mabegani mwa mzee wa kwenye ngazi, ambaye huenda naye anajiuliza afanyeje na msichana anayemsemesha kila asubuhi.

Huyo mzee mwambie neno moja tu, *huomenta*, yaani asubuhi njema, bila kusimama, bila kungoja habari za nyumbani. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Na uanze kujifunza lugha yao sasa, hata kama masomo yako ni kwa Kiingereza, kwa maana utakuta ndani yake vitu unavyovifahamu. Wana neno moja, *hän*, kwa mwanamume na mwanamke, kama *yeye* yetu. Hujenga maneno kwa kubandika vipande: *talo* ni nyumba, *talossa* ni ndani ya nyumba, *talossani* ni ndani ya nyumba yangu, na mtu aliyekulia kwenye *sitawaambia* na *hatukupigiana* hawezi kuogopa mchezo huo. Maneno waliyoyapokea kutoka kwa wengine wameyapa irabu mwishoni kama sisi: benki ni *pankki*, basi ni *bussi*. Kinachotutenga ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao hukaza ya kwanza daima, na ndiyo maana wanapoliita jina lako linasikika kama la mtu mwingine. Nilipoligundua hilo, nilianza kugeuka nilipoitwa.

Kuhusu kurudi Januari, sikushauri. Uamuzi wa kuacha masomo usiufanye katika mwezi wenye giza kuliko yote. Ngoja mpaka tarehe 20 Machi au karibu na hapo, wakati mchana na usiku hulingana kote duniani, na Helsinki itakuwa na mwanga wa saa kumi na mbili kama wa Tandika. Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo saa zao zitasogezwa mbele, na saa ya ukutani kwako itakuwa sawasawa na ya mama yako. Mpigie siku hiyo. Ikiwa bado utataka kurudi, utakuwa umeamua ukiwa na macho mawili, nami sitakulaumu. Kwa sasa jua pia kwamba ubalozi wetu unaoihudumia Ufini uko Stockholm, Uswidi, na ni vizuri wawe na jina na anwani yako.

Swali

Salamu, Mshauri. Ninasafiri kwenda Umeå, kaskazini mwa Uswidi, mwezi wa Februari kwa mafunzo ya miezi sita. Rafiki zangu wananiambia ninunue nguo zote za baridi hapa kwa sababu kule bei ni kubwa. Wengine wananiambia nisinunue chochote. Nimfuate nani?

Msomaji, Kigamboni

Jibu

Uwafuate nusu nusu. Makoti mazito yamejaa kwenye mitumba ya Karume, pale Ilala, kwa kuwa mengi yalivaliwa kwanza katika nchi za baridi, na wanunuzi wake hapa mjini ni wachache, hivyo bei unaweza kuipatana. Tafuta jaketi linalofika mapajani, lenye kofia na zipu nzima, na ulijaribu ukiwa umevaa sweta ndani. Utalihitaji tangu utakaposhuka kwenye ndege, maana Februari usiku wa Umeå, nyuzi 10 chini ya sifuri si habari. Viatu usinunue hapa. Buti zetu zina soli ngumu inayoteleza kwenye barafu, na kuvunjika mkono juma la kwanza ni mwanzo mbaya wa mafunzo. Nunua kule, kwenye maduka ya mitumba yao, ambayo yapo mengi na ni mazuri.

Zaidi ya koti, kinachokinga baridi ni tabaka: nguo ya ndani ya kubana yenye mikono mirefu, juu yake sufu, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Pamba haifai kukaa karibu na ngozi kwa sababu ikishika jasho inabaki mbichi na kukupoza. Chukua pia mafuta mazito ya kujipaka, kwani hewa ya ndani ya nyumba zao zenye joto la mabomba ni kavu na itaichanachana midomo yako kabla hujajua kinachotokea.

Swali

Asalaam alaikum, Mama. Nina majuma matatu hapa Muscat, Oman, nimekuja kuuza duka. Siku niliyofika, dereva aliyenipokea uwanja wa ndege alinisemesha Kiswahili kizuri kuliko changu. Mwajiri wangu ni mama mtu mzima, naye anaongea Kiswahili cha Unguja na kuniita mwanangu. Nikawapigia simu nyumbani Magomeni nikawaambia nimefika kwetu. Lakini sasa ninafungua duka saa mbili asubuhi na kulifunga saa tano usiku, na mkataba niliosaini sijapewa nakala yake. Nikiuliza ninaambiwa sisi ni ndugu, karatasi za nini? Naona aibu kusisitiza. Nifanyeje?

Msomaji, Muscat

Jibu

Waalaikumu salaam, kijana wangu. Dada yako wa Helsinki aliona kila kitu ni kigeni akaogopa kupita kiasi; wewe ulisikia lugha yako ukaacha kuogopa kabisa, na naona hatari yako ndiyo kubwa zaidi.

Kiswahili ulichokisikia kina historia ndefu. Seyyid Said, Sultani wa Oman, alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, na familia za Kiomani ziliishi Unguja, Pemba na mwambao kwa vizazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warejee kuijenga nchi. Walirudi na lugha, mapishi na jamaa zao waliobaki huku. Kwa hiyo huyo mama anapokuita mwanangu, inawezekana kabisa kwamba anamaanisha. Hivyo ndivyo alivyolelewa kumwita kijana. Ila upendo huo hauandikwi popote, na siku akiumwa, au akimkabidhi mwanawe biashara, kitakachosimama ni karatasi.

Nawe ulipo uko chini ya sheria za Oman. Sheria ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 2023 imeweka saa za kazi kuwa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, na zinazozidi hapo hulipwa kama ziada. Wewe, kwa hesabu ya barua yako, duka liko wazi mikononi mwako kwa saa 15. Hata ukipumzika mchana, kipindi cha jua kali, hesabu haitashuka kufika 8. Mapumziko ya wiki kwao ni Ijumaa na Jumamosi; katika barua yako hujataja hata siku moja ya kupumzika.

Aibu unayoiona naielewa, kwa sababu kwetu kumdai mtu mzima karatasi ni kama kumwambia humwamini. Basi uanze na heshima yako yote. Mwamkie, keti, kisha mwambie: "Mama, wazazi wangu wameniomba nakala ya mkataba waiweke nyumbani, naomba unisaidie niwatumie." Sentensi hiyo haimvunjii mtu heshima, na mwajiri mwema hatakuwa na neno. Wakati huohuo nunua daftari dogo, uandike kila siku saa ya kufungua na ya kufunga, na siku uliyolipwa na kiasi ulicholipwa, uliweke unapolala wewe, si dukani. Pasi yako ya kusafiria iko wapi? Hukusema, nami nina wasiwasi nayo. Piga picha kurasa zake na viza yako uzitume Magomeni leo.

Tuna ubalozi wetu hapohapo Muscat. Nenda ukajiandikishe katika siku yako ya kwanza ya mapumziko, hata kama mkataba utakuwa umekwisha kutolewa, na kama baada ya majuma mawili bado unajibiwa kwamba ninyi ni ndugu, nenda tena na daftari lako. Kisha uniandikie, unieleze ulichoambiwa.